Siku Mlango wa Hamdani Ulipogeuzwa Dirisha

Nchi yetu ipo, tena haiko mbali, ila jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na dirisha la ofisi inayotoa vibali limezibwa kwa nondo.

Mimi ni mshona sare za gwaride. Kazi hii hunipa bahati ya kuwaona wakubwa wetu wakiwa wamenyoosha mikono ili niwapime, na naweza kushuhudia kwamba ni watu wema, wenye viuno vinavyokua kila mwaka kwa ajili yetu. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza nayaeleza kwa mapenzi.

Mambo yalianza na suruali. Niliishona mwenyewe, ya kijivu, kwa ajili ya Mheshimiwa Kishindo, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Michezo na Utulivu. Aliitundika kwenye kiti karibu na dirisha, akalala. Mwizi akapitisha upondo wenye ndoano akiwa nje, akaivua suruali kutoka kwenye kiti kama mvuvi anayevua changu, akaondoka nayo pamoja na hotuba iliyokuwa mfukoni. Siku hiyo Bunge liliahirishwa mapema, na wabunge wengi walikiri kwamba hawakuona tofauti.

Polisi walifika upesi. Walikagua, wakajadiliana, kisha wakang'oa dirisha wakaenda nalo kituoni, kwa sababu ndilo lililokutwa kwenye eneo la tukio. Mwizi alirudi kupitia pale lilipokuwa, akachukua na koti.

Hapo ndipo Mheshimiwa Kishindo alipopata ufunuo. Alisimama uwanjani mbele yetu, akiwa amevaa suruali ya kuazima inayoishia juu ya vifundo vya miguu, akasema:

"Ndugu wananchi! Tumemtafuta mwizi miaka nenda rudi, hatujamwona. Kitu kisichoonekana hakiwezi kuwa adui wa taifa! Lakini dirisha tunaliona. Liko pale mchana kutwa, limekodoa macho, limeachama mdomo, linaita wezi! Mwizi ni matokeo tu. Chanzo ni dirisha!"

Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka. Wiki haikuisha, ikaundwa Wizara ya Madirisha na Mianya, naye akawa Waziri wake. Ikatoka amri kwamba kila mwanya wa kila nyumba uzibwe kwa nondo za serikali, zilizochomelewa na mafundi wa serikali. Fundi wa kawaida aliyeonekana na kipande cha nondo alihesabiwa kuwa ameshika silaha. Nondo zote zilitoka kwenye kampuni moja. Wenye husuda wakaeneza kwamba kampuni hiyo ni ya shemeji yake Waziri. Ni uzushi mtupu. Shemeji alikuwa dereva tu. Kampuni ilikuwa ya mke wa Waziri.

*

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Hamdani Shekifu, mshona magodoro ya sufi. Ni mtu mwembamba, mcheshi, mwenye nyuzi za sufi kwenye nywele tangu asubuhi mpaka jioni. Mkewe anaitwa Sikujua. Huyu alikuwa akinisaidia kutia vifungo kwenye sare, na sijapata kuona mkono mwepesi kama wake.

Mimba zao zilizotangulia zote ziliharibika. Kila ilipotokea, Hamdani alifungua godoro la kitanda chao, akaichambua upya sufi yake yote na kulishona tena, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye godoro. Safari hii mimba ilishika. Mwezi baada ya mwezi tumbo likakua, na mtaa mzima tukawa tunatembea polepole tukipita mlangoni kwao.

Sikujua akashona nguo za mtoto. Kofia, vijishati, soksi ndogo ambazo ungeweza kuvisha kidole gumba. Akazifunga kwenye kanga, akaziweka juu ya meza chini ya dirisha. Mwizi akapitisha upondo wake, akazichukua zote.

Nilimkuta asubuhi ameketi sakafuni akitazama meza.

"Kaka," akaniambia, "suruali ya Waziri naelewa, ataivaa. Soksi za mwanangu atazifanyia nini?"

Ndiyo maana Hamdani hakusubiri zamu ya mtaa wetu ifike. Alikwenda mwenyewe kuomba nondo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu baadaye kuna watu walisema alilazimishwa. Hakulazimishwa. Aliomba, akashukuru, na alipoambiwa kwamba nyumba yake itakuwa ya kwanza mtaani kukamilika, alirudi anapiga mluzi.

*

Siku ya kazi alikuja Afisa Mianya wa Mtaa, Bwana Tumsifu, mtu aliyehamishiwa kwetu kutoka idara ya chanjo ya kuku na ambaye bado alikuwa na mazoea ya kumshika mtu mkono kwa nyuma anapozungumza naye. Alifuatana na fundi mmoja kijana aitwaye Mbonea, mwenye mashine ya kuchomelea na miwani myeusi iliyopasuka upande mmoja.

"Jina?" akauliza Bwana Tumsifu.

"Hamdani Shekifu."

"Mke?"

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Ndilo jina lake, mkuu. Anaitwa Sikujua."

"Kutojua sheria si kinga," akasema Bwana Tumsifu, akaingia.

Akatusomea sheria kwa sauti. Mwanya ni sehemu yoyote ya jengo ambayo mtu mzima aliyedhamiria anaweza kupita. Kisha akamwamuru Mbonea adhamirie. Mbonea akajipenyeza kwenye dirisha la mbele, akakwama kiunoni, tukamvuta kwa miguu. Akajaribu la nyuma, akakwama mabegani. Akaambiwa sasa apite mlangoni. Akapita.

"Umepita?"

"Nimepita, mkuu. Huu ni mlango."

"Kwa shida?"

"Bila shida."

"Hata kuinama hukuinama," akasema Bwana Tumsifu, akitikisa kichwa kwa masikitiko. "Kule dirishani ulikwama. Sasa niambie wewe, mwizi mwenye akili timamu atapita wapi?"

"Lakini mkuu, mlango..."

"Wewe ni fundi au mwanasheria?"

Mbonea akawasha mashine. Ana mama mgonjwa na wadogo zake wanamtegemea, na kazi ya serikali haipatikani kila siku.

Hamdani na mkewe hawakuyasikia mazungumzo hayo. Walikuwa wameambiwa wakae chumbani mpaka kazi iishe, kwa usalama wa macho yao, maana cheche hupofusha. Miguu ya Sikujua ilikuwa imevimba, na Hamdani alikuwa akiikanda kwa maji ya chumvi. Walizisikia cheche zikilia kwenye dirisha la nyuma, kisha la mbele, kisha mlangoni. Hamdani alidhani wanaimarisha fremu. Mimi nilikuwa nje nikitazama. Nilidhani kuna hatua nyingine inafuata, kwa sababu serikali haifanyi jambo bila hatua nyingine.

Kelele zilipokoma, Hamdani akatoka chumbani akijifuta mikono. Alikuta nondo kutoka kizingiti cha juu hadi cha chini. Akazishika mbili, moja kila mkono, akacheka.

"Mkuu, mmefanya kazi nzuri. Sasa inafunguliwa upande gani?"

"Nondo za serikali hazifunguki," akajibu Bwana Tumsifu. "Zingekuwa zinafunguka, mwizi naye angezifungua."

"Sasa sisi tutatokaje?"

"Kwani mna safari?"

"Mke wangu ana mimba, mwezi wake ni huu!"

"Hongera sana," akasema Bwana Tumsifu, akaupenyeza mkono ndani ampe wa heri. "Atajifungua akiwa salama kuliko mwanamke yeyote katika nchi hii."

*

Msidhani hatukufanya kitu. Tulikwenda ofisi ya Wizara, mimi na majirani wengine. Tukaambiwa maombi ya kulegezewa nondo yanapokelewa vizuri kabisa, mradi mwombaji afike mwenyewe.

"Hawezi kufika," nikaeleza. "Amefungiwa ndani."

"Amefungiwa kikamilifu?"

"Kikamilifu."

"Basi nyumba yake imekamilika. Analalamikia nini?"

Nikaona nitumie njia ya juu zaidi. Nilikuwa nimeitwa kumpima Mheshimiwa Kishindo sare mpya, na wakati namzungushia futi kifuani, pini zikiwa mdomoni, nilimweleza habari za Hamdani. Aliguswa. Niliona macho yake yakilengwa na machozi.

"Nyumba ya kwanza kukamilika katika jiji lote," akasema. "Mlango na madirisha! Nitaizindua mimi mwenyewe, na bendi."

Nilirudi mbio kuwapa majirani zangu habari njema.

Kwa muda wote wa kungojea uzinduzi, tuliwalisha kupitia nondo. Sahani haikupita, kwa hiyo ugali uliingia kwa matonge, na uji tuliumimina kwa mdomo wa birika huku Sikujua akikinga kikombe upande wa pili. Hamdani alikuwa akitania mwanzoni. Aliwaita wapita njia waje wamtazame mnyama adimu. Kisha utani ukamwisha. Nilimwona akikwaruza nondo kwa sindano ya kushonea magodoro, mchana kutwa, sehemu moja tu, mpaka sindano ikakatika na vidole vikatoka damu. Nondo ilibaki na alama nyembamba kama ukucha wa paka.

Sikujua hakupiga kelele. Aliomba kazi. Bendi ya uzinduzi ilihitaji sare, basi nikampenyezea makoti na vifungo vya shaba, naye akakaa nyuma ya nondo anashona, tumbo limempandia kifuani.

"Kaka," akaniuliza siku moja bila kuinua macho, "nikivimaliza vifungo vya watu hawa, mimi changu kitaisha lini?"

Nikamwambia Waziri anakuja. Akakata uzi kwa meno.

"Mtoto ameshuka," akasema. "Namsikia. Huyu hamngoji Waziri."

*

Uchungu ulimshika alfajiri ya siku ya uzinduzi. Tulimwita Bi Msesa, mkunga mstaafu wa mtaani kwetu, mama mnene mwenye sauti ya kupasua kuni. Aliweka kiti chini ya dirisha la chumbani, akapenyeza mkono hadi begani, shavu limebanwa kwenye chuma.

"Hamdani, mwanangu, sogeza kitanda. Zaidi. Mpaka nimguse tumbo. Nawa mikono, leo mkunga ni wewe."

"Bi Msesa, mimi ni mshona magodoro!"

"Leo huna chaguo. Nawa!"

Upande wa mbele bendi ilikuwa imeshapanga mstari. Mheshimiwa Kishindo akashuka kwenye gari, akapanda kwenye jukwaa lililofunikwa zulia, akachukua kipaza sauti. Kila Sikujua alipopiga ukelele, kipaza sauti kiliudaka na kuusambaza mtaa mzima.

"Mnasikia?" akasema Waziri, mkono sikioni. "Mnasikia shangwe za mwananchi aliye salama?"

Tukapiga makofi. Tulikuwa tumeagizwa kupiga makofi.

"Zamani," akaendelea, "mwananchi alilala akiogopa kinachoingia. Leo hakuna kinachoingia! Hakuna kinachotoka! Huo ndio uhuru kamili tulioupigania!"

Hamdani akatokea kwenye nondo za mlangoni, mikono myekundu hadi kwenye viwiko.

"Mheshimiwa! Nakuomba kwa jina la Mungu, mke wangu anatoka damu, haikomi! Nifungulie!"

Bendi ikaashiriwa ipige wimbo wa taifa. Sisi sote tukasimama wima, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Hamdani naye, kwa mazoea, alisimama wima kidogo, kisha akaona anachokifanya, akakimbia kurudi chumbani.

Wimbo ulipokwisha, tulisikia sauti nyembamba ikitoka nyuma ya nyumba. Tulikuwa tumeingoja sauti hiyo miaka mingi. Watu wakasahau jukwaa, wakazunguka mbio kwenye dirisha la chumbani, na Waziri akafuata kwa sababu hakuzoea kusimama peke yake.

Hamdani alikuwa amemfunga mtoto kwenye kitambaa cha godoro. Bi Msesa alikuwa ametoa mkono wake nje, na sauti yake haikuwa tena ile ya kupasua kuni.

"Mtoto ni mzima," alimwambia Hamdani. "Mama si mzima. Nipe mtoto, wewe mbane tumbo kama nilivyokuonyesha, kwa nguvu, usiache. Hapa ilitakiwa hospitali tangu zamani."

Hamdani akampitisha mtoto kati ya nondo, kichwa kwanza, kisha bega moja, kisha la pili. Alipita.

Mheshimiwa Kishindo akasogea, uso umemsawajika.

"Amepita?" akauliza.

"Amepita, Mheshimiwa," akasema Bi Msesa, machozi yakimtiririka.

"Kati ya nondo zangu?"

"Kati ya nondo zako."

Waziri akamgeukia Bwana Tumsifu, akinong'ona kwa hasira. "Nondo zimeachana mno. Ongezeni nyingine. Sasa hivi, kabla waandishi hawajapiga picha."

*

Katika mtaa wetu kuna mwashi aitwaye Gwakisa. Ni jitu refu lisilopenda maneno. Mtu anaweza kukaa naye mchana kutwa akapata "ee" na "hapana". Aliondoka kwenye umati tulipokuwa tukimtazama Mbonea akiburuta mashine yake, akarudi na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe begani. Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Tumsifu.

"Mkuu. Ukuta ni mwanya?"

Bwana Tumsifu akafikiri. "Hapana. Ukuta ni ukuta."

"Kuna sheria ya ukuta?"

"Sheria ni ya mianya."

"Haya," akasema Gwakisa. "Ukuta huu niliujenga mimi. Saruji haikutosha."

Akaupiga. Pigo la kwanza lilitoa vumbi, la pili likatoa tofali. Watu waliokuwa wamekuja kupiga makofi wakaanza kuvuta matofali kwa mikono. Mpiga tarumbeta alikata kifungo cha koti lake jipya akaacha kikining'inia. Bwana Tumsifu alizunguka akimshika mkono kwa nyuma huyu na yule, lakini hakuna aliyegeuka. Waziri alisimama juu ya zulia lake akisema kwenye kipaza sauti kwamba hili nalo ni sehemu ya ratiba.

Tulimtoa Sikujua akiwa juu ya godoro lake, limelowa. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Tulimpakia kwenye lori la bendi, Hamdani amepiga magoti kando yake akimbana tumbo kama alivyoagizwa, Bi Msesa na mtoto pembeni, na dereva akaondoka huku ngoma kubwa ikidondoka barabarani na kubingirika.

Hospitali damu ilikuwa imekwisha. Wapiga tarumbeta wakakunja mikono ya sare zangu wakatoa yao. Kwa siku kadhaa Sikujua hakujua yuko wapi. Hamdani alikaa sakafuni kando ya kitanda chake, akikataa kula, akiwauliza wauguzi kila walipopita kama milango ya pale inafunguka. Kisha asubuhi moja Sikujua akafumbua macho akauliza mtoto kavaa nini. Hamdani alilia mpaka akatolewa nje.

*

Jioni ya uzinduzi redio ilitangaza habari kubwa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, polisi walikuwa wamemkamata mtu aliyevunja nyumba. Alikamatwa na nyundo mkononi, mbele ya mashahidi wengi, akiwemo Waziri. Mkuu wa polisi alipandishwa cheo, nami nikapata kazi ya kumshonea sare mpya.

Nilihudhuria kesi. Gwakisa alishtakiwa kwa kuvunja nyumba mchana na kuiba ndani yake mwanamke mmoja, mtoto mchanga mmoja na godoro. Vielelezo vilipangwa mbele: nyundo, godoro, na Sikujua, aliyekuwa bado hawezi kusimama, ameketi na mtoto mapajani, kipande cha karatasi kimefungwa kwa uzi kwenye kifundo cha mkono wake.

"Je, unaitambua mali yako?" hakimu akamuuliza Hamdani.

"Mheshimiwa, huyu ni mke wangu."

"Jibu swali. Unaitambua?"

"Namtambua."

"Ilitolewa ndani ya nyumba yako bila kupitia mlangoni?"

"Mlango ulikuwa umechomelewa!"

"Kwa hiyo bila kupitia mlangoni," akasema hakimu, akaandika.

Sikujua akainua kichwa. "Mheshimiwa, mimi sikuibwa. Huyu bwana aliniokoa."

"Kielelezo kinyamaze."

"Ningekuwa nimekufa, na mwanangu..."

"Kielelezo kinyamaze! Na hicho kidogo nacho kinyamazishwe. Kinaitwa nani, tukiandike?"

Mtoto alikuwa hajapewa jina. Hamdani na mkewe walikuwa wameogopa kumpa, baada ya yote yale. Sikujua alimtazama mwashi aliyesimama kizimbani, mikono yake mikubwa imefungwa pingu, macho yake yametazama chini.

"Anaitwa Gwakisa," akasema.

Hapo ndipo nilipomwona mwashi yule akigeuza uso ukutani, mabega yakitikisika.

Hukumu ilikuwa ya haki. Gwakisa kifungo. Nyundo itaifishwe. Mali iliyoibwa irudishwe mahali ilipoibwa, na mwanya mpya uliopatikana ukutani uzibwe kwa nondo mara moja, ili isiibwe tena.

*

Walirudishwa kwa gari la polisi, alasiri. Sikujua alipitishwa kwenye tundu la ukuta akiwa ameshikwa kwapa na askari wawili, mtoto mgongoni. Akaketi kwenye matofali yaliyobaki, mahali ambapo kitanda kilikuwa. Hakutazama nje.

Hamdani alibaki uani. Yeye si mali, wakamwambia, hukumu haimhusu, anaweza kukaa nje akitaka. Alitutazama sisi majirani mmoja mmoja, kama mtu anayesafiri. Kisha akainama, akapita kwenye tundu, akaketi karibu na mkewe akamshika mkono.

"Anza," Bwana Tumsifu akamwambia Mbonea.

Mbonea akaisogeza mashine. Akachomeka waya kwenye soketi ya kibarazani kwangu, kama alivyofanya mara ya kwanza. Akashusha miwani yake iliyopasuka. Akaipandisha tena. Akatazama tundu, na waliokuwamo.

"Mkuu," akasema, "hakuna umeme."

"Hakuna?"

"Umekatika."

Juu ya kichwa chake, kwenye kibaraza changu, taa ilikuwa inawaka. Ilikuwa inawaka vizuri kabisa; nilisahau kuizima tangu asubuhi. Bwana Tumsifu akainua uso, akaitazama kwa muda mrefu. Akamgeukia Bi Msesa.

"Mama, umeme upo?"

"Hakuna, baba. Umekatika tangu mchana."

Akamuuliza wa pili, na wa tatu. Hakuna. Hakuna, mkuu. Umekatika. Akaulizia jenereta la Wizara. Dereva wake, bila kuulizwa mara mbili, akamkumbusha kwamba limepelekwa kwenye harusi ya binti wa Waziri. Mwisho akanijia mimi, akanishika mkono kwa nyuma.

"Wewe ni mtu wa serikali," akasema. "Hujawahi kutudanganya. Umeme upo?"

Mwanga wa taa ulikuwa unanipiga machoni. Nilitazama ndani ya lile tundu, nikamwona Sikujua ameinua uso wake kwa mara ya kwanza.

"Hakuna umeme, mkuu," nikasema.

Bwana Tumsifu akaniachia. Akatangaza kwamba kazi imeahirishwa hadi umeme utakaporudi, na atakuwa anapita kukagua.

Tangu siku hiyo mtaa wetu hauna umeme. Tunapika kwa mkaa na kupiga pasi kwa mkaa. Redio hatufungui. Watoto wanasoma jua likiwa bado lipo. Giza likiingia hakuna anayegusa swichi, hata nyumba ikiwa na mgonjwa. Gwakisa mkubwa bado yuko gerezani, na tunampelekea chakula kwa zamu. Sikujua anatoka na kuingia kwa kuinama, kwenye tundu lililotundikwa kanga.

Bwana Tumsifu hupita magharibi. Husimama katikati ya njia, akatazama nyumba zetu zilivyo nyeusi huku na huku.

"Bado?" huuliza.

"Bado, mkuu," tunamjibu.